Jamii ya Mataifa Ikitazamwa Kutoka Ufuoni mwa Kisumu

Hotuba hii ilitolewa Kisumu mbele ya walimu wa historia, wanafunzi na wakazi wa mji. Imeandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.

Walimu wetu, wanafunzi, wazee, na nyinyi akina mama mliofunga vibanda mapema ili mfike, hamjambo.

Kuna maneno matatu ambayo hayakosi redioni: jumuiya ya kimataifa. Jumuiya ya kimataifa imelaani, imesikitishwa, imetoa wito. Ukiuliza ni nani hasa aliyelaani, mara nyingi unaambiwa ni balozi chache za Nairobi zilizotia saini taarifa moja. Hiyo siyo mada ya leo. Mada ya leo ni jamii ya mataifa, ambayo haina msemaji wala ofisi wala akaunti ya benki, na bado ndiyo inayofanya pasipoti yako isomeke ng'ambo ya mpaka.

Wazo lenyewe lina kwao. Mwaka 1959 kikundi kidogo cha wanahistoria, wanafalsafa na wanadiplomasia kilianza kukutana Uingereza chini ya uenyekiti wa Herbert Butterfield. Martin Wight na Adam Watson walikuwemo, na baadaye Hedley Bull. Watu huwaita Mkondo wa Kiingereza. Jina hilo walibandikwa mwaka 1981 na Roy Jones, mkosoaji aliyetaka mkondo wenyewe ufungwe. Bull, ambaye ndiye tunayemnukuu zaidi, alizaliwa Sydney, Australia. Jina limebaki tu, kama majina ya steji ambazo mti uliozipa jina ulikatwa zamani.

Katika kitabu chake cha 1977, Bull alitenga vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni mfumo wa mataifa: nchi zinakutana na kuathiriana kiasi kwamba kila moja lazima ipige hesabu ya mwenzake. Cha pili ni jamii ya mataifa: nchi zinatambua kwamba zina maslahi fulani ya pamoja, zinajiona zimefungwa na kanuni zile zile, na zinashirikiana kuendesha taasisi zinazozitunza kanuni hizo.

Tazama barabara ya kwenda Busia usiku. Madereva wawili wanaokuja uso kwa uso, kila mmoja akimpimia mwenzake mwendo ili wasigongane, huo ni mfumo. Wakiwashiana taa, huyu akimwonya yule kwamba mbele kuna lori limelala barabarani, hapo jamii imeanza. Hakuna aliyewalazimisha. Kila mmoja anajua kesho ni yeye atakayehitaji kuonywa.

Wengi hupenda kuifananisha na chama cha akina mama: hakuna polisi, lakini zamu zinafuatwa na faini zinalipwa. Mfano huo unafaa hadi mahali fulani tu. Chama kina serikali juu yake, na mweka hazina akitoroka na pesa kuna kituo cha polisi cha kukimbilia. Nchi hazina serikali juu yao. Ndiyo maana Bull aliona ajabu siyo kwamba mataifa hupigana, bali kwamba siku nyingi hayapigani. Alisema jamii yoyote, hata ya kijiji, inatafuta mambo matatu: watu wasiuawe ovyo, ahadi zitimizwe, na mali ya mtu isinyakuliwe kila kukicha. Jamii ya mataifa inayatafuta hayo hayo, kwa vifaa dhaifu zaidi.

Vifaa hivyo alivihesabu vitano: mizani ya nguvu (yaani nchi moja isiachwe ikawa na nguvu za kuzishinda zote), sheria ya kimataifa, diplomasia, vita, na usimamizi wa mataifa makubwa. Kuona vita kwenye orodha hiyo huwashtua wanafunzi. Bull hakuisifu. Alimaanisha kwamba hata vita vimewekewa kanuni za nani anaweza kuvitangaza, kwa sababu gani, na mateka atendewe vipi. Pale vinapopiganwa bila kanuni yoyote, jamii imekwisha na umebaki mfumo mtupu. Kuhusu mataifa makubwa sitakawia: Baraza la Usalama lina wanachama 15, watano wana viti vya kudumu na kura ya turufu, na kila mtu hapa anajua jinsi turufu inavyotumika. Mizani ya nguvu nayo haina mengi ya kutufunza katika ziwa letu la Victoria. Sheria na diplomasia ndizo zenye nyama.

Hebu tushuke Busia. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kianze kazi, lori linalotoka Kenya kwenda Uganda halisimami upande wa Kenya. Linapita geti, linavuka, linasimama mara moja tu, upande wa Uganda. Dereva anaingia jengoni na karatasi zake. Dirisha la kwanza lina afisa wa Kenya anayemgongea muhuri wa kutoka. Dirisha linalofuata ni la afisa wa Uganda, wa kuingia. Hatua chache tu kati yao. Anayekuja huku anafanya kinyume chake: anasimama upande wetu, na afisa wa Uganda anamgongea muhuri wa kutoka akiwa amekaa ndani ya jengo la Kenya.

Tafakarini maana yake. Afisa wa Kenya anatumia sheria ya Kenya akiwa amekaa kwenye ardhi ya Uganda, na Uganda imekubali. Lakini imekubali kwa mipaka. Kwanza ni eneo: mamlaka yake ni ndani ya sehemu ya ukaguzi iliyowekwa alama, na akitoka nje kwenda kununua chapati ya mayai, ni mgeni kama wewe. Pili ni mpangilio: ukaguzi wa kutoka lazima ukamilike kabla wa kuingia haujaanza. Hadi hapo uko chini ya sheria ya nchi unayoiacha, na baada ya kukabidhiwa uko chini ya sheria ya nchi unayoingia. Msingi wake ni sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Mambo huharibika pale mpangilio huo unapovurugwa. Mfumo wa kompyuta wa upande mmoja ukianguka, foleni ya pande zote mbili inasimama, kwa sababu dirisha la pili haliruhusiwi kuanza kabla la kwanza halijamaliza. Na msafiri anayepita njia za panya ili kukwepa madirisha yote mawili huwa hana muhuri wa kutoka wala wa kuingia, na siku akihitaji kuthibitisha alikuwa wapi, hana la kuonyesha.

Ukiniuliza jamii ya mataifa inafanana na nini, nitakuonyesha madirisha yale mawili kabla ya kukuonyesha jengo la New York.

Diplomasia inafuata mantiki hiyo hiyo. Mkataba wa Vienna wa 1961 una vifungu 53 na ni kati ya mikataba inayotiiwa zaidi duniani. Kabla balozi hajatumwa, nchi inayomtuma inauliza kimya kimya kama mtu huyo atakubaliwa. Nchi inayoulizwa inaweza kukataa bila kutoa sababu, na ombi hufanywa kimya kimya ili asiwepo wa kuaibika. Akikubaliwa, anafika na hati za utambulisho na kuzikabidhi kwa mkuu wa nchi. Kifungu cha 22 kinazuia polisi kuingia ubalozini bila idhini ya mkuu wa ubalozi. Kifungu cha 27 kinazuia mfuko wa kidiplomasia kufunguliwa. Kifungu cha 45 kinasema hata vita vikizuka, nchi mwenyeji bado inapaswa kulinda majengo ya ubalozi wa adui yake.

Hapa kuna kosa moja ambalo hata vitabu vya marudio hulirudia: kwamba ubalozi ni ardhi ya nchi ya kigeni. Siyo kweli. Ubalozi wowote ulioko Nairobi umesimama juu ya ardhi ya Kenya, na mtoto anayezaliwa ndani yake hajazaliwa ng'ambo. Kilichopo ni kinga: Kenya imejizuia kuingia. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa mwenye kujizuia bado ndiye mwenye nyumba.

Na balozi akifanya ubaya? Kifungu cha 9 kinatoa dawa: nchi mwenyeji inamtangaza kuwa hatakiwi, wakati wowote, bila kueleza. Iran ilipowashikilia wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani mwaka 1979, ilitaja makosa ya Marekani ya miaka mingi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilijibu mwaka 1980 kwamba hata kama malalamiko hayo yana ukweli, sheria ya diplomasia imekwisha kuweka dawa ndani yake, nayo ni kufukuza au kuvunja uhusiano. Kukamata hakumo.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu jamii hii ina doa ambalo sisi wa huku hatuwezi kulipita kimya. Ilianza kama klabu ya Ulaya, na mlangoni palikuwa na mabawabu. Kipimo cha kuingia kiliitwa ustaarabu, na aliyepima ndiye aliyekuwa ndani. Reli ilipofika hapa Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901, ilifika ikiwa bado ndani ya Uganda, kwani Kisumu, Nakuru na Naivasha zote zilikuwa katika jimbo la mashariki la Uganda. Aprili 1902 jimbo hilo likahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, yaani nchi nyingine iliyokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na watu wakaamka wako nchi nyingine bila kuvuka hata mfereji. Wasamia, ambao leo wana jamaa pande zote mbili za Busia, hawakuulizwa.

Kisa chenye uzito zaidi ni cha jirani zetu wa Bonde la Ufa. Mwaka 1904 Waingereza walifanya mapatano na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Lenana, ili wahame kutoka nyanda za Naivasha na Nakuru kuwapisha walowezi kando ya reli. Sehemu moja ilipelekwa Laikipia, nyingine kusini. Mapatano yalisema yatadumu maadamu Wamaasai wapo kama kabila. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 yakaja mapatano mengine ya kuwaondoa Laikipia. Ole Njogo na wenzake wakaenda mahakamani.

Hukumu ya 1913 inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa somo hili. Walalamishi walishindwa bila hoja zao za ardhi kupimwa. Mahakama ilisema nchi hii ni himaya, siyo koloni, kwa hiyo Wamaasai siyo raia wa Mfalme, ni wageni mbele yake, na mapatano yao ni mkataba kati ya mamlaka mbili. Mikataba ya namna hiyo mahakama za ndani haziwezi kuigusa. Vema, basi mkataba wa kimataifa unapelekwa wapi? Wakati huo hapakuwa na meza yoyote ya mataifa ambayo Mmaasai angeruhusiwa kukalia kiti. Walikuwa taifa la kutosha kufukuzwa mahakamani, wala hawakuwa taifa la kutosha kusikilizwa nje yake. Bull na Watson walihariri kitabu cha 1984 kuhusu jinsi jamii hii ilivyoenea duniani, lakini neno kuenea lina upole mwingi mno kwa jambo kama hili.

Waafrika waliingia baadaye, na waliingia kwa wingi. Mwaka 1945 Umoja wa Mataifa ulianza na wanachama 51, wanne tu wakiwa wa Afrika: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Leo wanachama ni 193 na wetu ni 54. Kenya iliingia tarehe 16 Desemba 1963, siku nne tu baada ya uhuru.

Cha kushangaza ni kwamba walioingia hawakuvunja nyumba waliyofungiwa nje. Huko Cairo, Julai 1964, viongozi wa Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Somalia ilipinga, na Kenya, yenye mgogoro wa kaskazini-mashariki mikononi, ilikuwa na kila sababu ya kuunga mkono. Watu husema ni woga. Mimi naona ni hesabu ya watu waliojua kila mpaka ni mbovu, na kwamba ukianza kurekebisha mmoja hujui utaishia wapi. Usiku wa tarehe 21 Februari 2022, balozi wetu katika Baraza la Usalama, Martin Kimani, aliitumia hoja hiyo hiyo kuhusu Ukraine: sisi pia tuna ndugu ng'ambo ya mipaka tusiyoichora, na tulichagua kutowafuata kwa bunduki.

Basi utajuaje kwamba jamii ya mataifa ipo kweli, na siyo maneno ya walimu? Bull alitoa kipimo kinachoonekana chepesi. Usitazame kama kanuni zinavunjwa, maana zitavunjwa. Msikilize mvunjaji. Akitafuta kisingizio kwa lugha ya kanuni zile zile, bado anajihesabu mwanajamii. Asiyetoa sababu yoyote ndiye wa kuogopwa.

Kipeleke kipimo hicho Migingo. Kisiwa kile ni jabali la kama mita za mraba 2,000, hakifiki nusu ya uwanja wa soka, limejaa mabati kutoka ncha hadi ncha. Tangu 2004, askari wa Uganda walipotua, wavuvi wetu wamekamatwa, wametozwa, wamenyang'anywa samaki. Hayo ni machungu ya kweli. Lakini tazama hoja zilivyokwenda. Amri ya mipaka ya mwaka 1926 inautaja mpaka kwa ncha za visiwa, kuanzia Pyramid kwenda kaskazini, na Migingo iko mashariki ya mstari huo, upande wa Kenya. Mwaka 2009 Rais Museveni hakusema hati ile ni karatasi ya wakoloni isiyo na maana. Alikubali jabali ni la Kenya, akadai maji yaliyolizunguka ni ya Uganda. Yaani nyumba ni yako, ua ni wangu. Tunaweza kuicheka hoja hiyo, lakini ni hoja inayosimama ndani ya hati, na ndiyo sababu nchi hizo mbili ziliweza kutuma wapimaji wa pamoja badala ya vikosi.

Nasi tupimwe vilevile, tusiwe waamuzi wa wenzetu tu. Somalia ilitushtaki mwaka 2014 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mpaka wa baharini. Kenya ilisusia vikao vya mdomo Machi 2021, ikaondoa kukubali kwake mamlaka ya mahakama Septemba, na hukumu ilipotoka tarehe 12 Oktoba 2021 ikaikataa. Sababu tulizotoa zilihusu mamlaka ya mahakama na upendeleo. Zilikuwa lugha ya sheria. Kwa kipimo cha Bull tulibaki ndani, ingawa tulikaa karibu sana na mlango. Kisingizio nacho huchakaa: kikitumiwa mara nyingi mno, hakuna anayekisikiliza tena, na hapo kipimo chenyewe huacha kufanya kazi.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wataniuliza kuhusu mgawanyiko wa ndani ya mkondo huu. Wapo wa wingi, wanaosema nchi zina desturi tofauti na kinachowezekana ni kuishi pamoja bila kuingiliana. Wapo wa mshikamano, wanaosema jamii ya mataifa ipo kwa ajili ya watu, na serikali inayowachinja watu wake haiwezi kujificha nyuma ya mpaka. Afrika Mashariki ina mfano wake. Idi Amin alivamia Kagera Oktoba 1978, na Tanzania ikamfuata hadi kumwondoa Kampala mwaka uliofuata. Nyerere angeweza kusema anawaokoa Waganda, na wengi wangemwelewa. Hakuegemea hapo, aliegemea haki ya kujilinda, kwa sababu mwaka 1979 kanuni ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya kutoingiliana ndiyo iliyotawala. Mwaka 2000 Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, kifungu cha 4(h), ikaupa Umoja haki ya kuingilia kati panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu. Kanuni ilisogea. Matumizi yake bado yanakokota miguu. Kile ambacho Kisumu na Nakuru zilikiona mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel wakiketi Nairobi hadi mapatano ya tarehe 28 Februari, hakikuwa uingiliaji wa namna hiyo. Walialikwa, pande zote mbili zikakubali kuketi nao.

Nimalizie na maji, kwani tumekaa kando yake. Mkataba wa 1959 kati ya Misri na Sudan ulizigawia nchi hizo mita za ujazo bilioni 55.5 na bilioni 18.5 za Mto Naili kwa mwaka. Ziwa hili, ambalo ni chanzo kimojawapo, halikupewa hata kikombe. Mwaka 1961 Nyerere alitangaza kwamba mikataba iliyofanywa na Waingereza kwa niaba ya Tanganyika ingedumu miaka miwili baada ya uhuru, kisha isipojadiliwa upya ingekufa. Kenya ilifuata njia ya kufanana na hiyo. Mkataba mpya wa bonde la Naili ulifunguliwa kwa saini Entebbe mwezi Mei 2010, na Kenya ikatia saini mwezi huo huo. Ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya nchi sita kuuridhia: Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini.

Kenya haimo kati ya hizo sita, ingawa ilikuwa imetia saini kwa zaidi ya miaka kumi na minne. Kusaini ni kuonyesha nia. Kuridhia ndiko kunakofunga. Kwa sheria yetu ya mikataba ya mwaka 2012, waraka wa mkataba unaenda kwanza Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Taifa, na kamati ya Bunge inayoushughulikia inapaswa kuwashirikisha wananchi kabla haijatoa ripoti. Bunge likiidhinisha, ndipo hati ya kuridhia inapotayarishwa na kuwekwa rasmi. Tangazo la kuita maoni huchapishwa gazetini, kwa kawaida kwa maandishi madogo na kwa muda wa siku chache tu. Linapotoka linalohusu ziwa hili, andikeni kwa karani wa Bunge, mtaje jina la mkataba na kifungu mnachokizungumzia. Barua inayosema tu kwamba tunapinga au tunaunga mkono haiwapi wanakamati cha kunukuu.